Macho ya Mbwa wa Jirani

Ofisi ya Msajili
Baraza la Madaktari wa Wanyama
4 Februari

Mwalimu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wangu badala ya kumpa karani apige chapa, maana jambo lenyewe sipendi lipite mezani kwa watu.

Nimepokea malalamiko ya madaktari wenye kliniki hapa mjini. Wanasema katika chumba cha mbele cha nyumba yako watu wanaleta mbwa na paka, na wanyama hao wanachanjwa, wanahasiwa na kupasuliwa kwa malipo yaliyo chini kabisa ya kipimo cha Baraza. Chumba hakijasajiliwa. Wanaoshika wanyama wakati wa upasuaji ni majirani wasio na mafunzo yoyote. Na anayeshika kisu, wanasema, ni yule daktari kijana mnayemwita Sindano, ambaye leseni yake ni ya kufanya kazi katika kliniki nyingine, si hapo kwako.

Mwalimu, ulistaafu kwa heshima. Nusu ya madaktari wa nchi hii tumepita mikononi mwako. Kupasua mahali pasiposajiliwa, adhabu yake unaijua: kufutwa daftarini. Nakuomba ufunge mwenyewe kabla sijalazimika kukufungia.

Na kusema kweli, sielewi. Mtu asiyemudu kumtibu mbwa, kwa nini afuge mbwa?

Nasikia afya si nzuri. Pole sana.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Msajili


Nyumbani
9 Februari

Rula,

Marahaba. Nakuita jina ulilopewa na wenzako darasani, kwa sababu hukuweza kuandika hata neno "minyoo" bila kulipigia mstari. Naona mistari bado unaipiga, ila sasa unaipiga mbele ya milango ya watu.

Afya unayoiulizia ni moyo. Daktari wa watu ameniambia umetanuka kama kapu kuukuu, na hakuna wa kulisuka upya. Nalala nimeketi, miguu imevimba, kupanda kitandani ni safari. Tusipoteze wino hapo.

Umeuliza kwa nini asiyemudu afuge. Njoo umuulize mlinzi wa ghala la nafaka. Mwajiri wake amempa rungu na tochi isiyo na betri. Zamu yake anailinda na mbwa anayeitwa Waziri, na Waziri hajawahi kusinzia kazini, tofauti na mawaziri ninaowajua. Halafu umuulize bibi anayeishi chumba cha nyuma ya kinu. Amezika mume, amezika watoto, amebaki na paka mwenye jicho moja anayemwamsha asubuhi. Ukimwambia asifuge, umwambie pia nani atamwamsha.

Mwanzoni walichekwa. Muuza mkaa alikuwa akisimama mlangoni pangu na kupaza sauti: "Mbwa anakwenda hospitali, mwenye mbwa hajaona panadol!" Siku moja alikuja mwenyewe, amembeba mbwa wake jike kwenye gunia la mkaa, kizazi kimejaa usaha. Nikamuuliza, "Na wewe panadol umeshapata?" Akasema, "Mama, nitukane baadaye. Mshone kwanza."

Hao unaowaita wasio na mafunzo, nakueleza kazi yao, maana huko ofisini hakuna atakayekueleza. Hatuna mashine ya kupima mapigo. Mtu anakaa kichwani kwa mnyama, anamtazama machoni na kuhesabu pumzi kwa sauti. Jicho likipepesa, anasema. Pumzi ikipungua, anasema. Kati ya kichwa na tumbo tunatundika kitambaa ili asione damu akaanguka; tulishaokota wanaume wazima sakafuni. Na hakuna anayemshika mnyama wake mwenyewe. Wa kwako utamlilia, wa jirani utamtazama. Hiyo ndiyo ada ya kwanza hapa: ukitaka wako atibiwe, unakaa kichwani kwa wa mwenzako. Nina majirani waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya ukuta wa choo. Ukishahesabu pumzi za paka wa mtu kwa muda wote huo, kumnunia tena ni kazi ngumu.

Sifungi.

Mwalimu wako


Ofisi ya Msajili
21 Februari

Mwalimu,

Shikamoo. Nilituma wakaguzi. Waliwahoji watu wa mtaa wako swali moja tu: nani alikuwa akipasua? Nakunakilia majibu yalivyoletwa mezani kwangu.

Muuza mkaa: "Mimi nilikuwa namtazama paka wa bibi jichoni. Analo moja tu, linataka umakini."

Bibi wa nyuma ya kinu: "Nilikuwa na mbwa wa mlinzi. Ana macho mazuri yule, wanangu. Mmewahi kuyaona?"

Mlinzi wa ghala: "Nilikuwa nahesabu pumzi. Mkitaka nihesabu na madaktari nitachanganya."

Na wengine wote vivyo hivyo. Wakaguzi wangu wamerudi wakiwa wamechekwa mpaka na watoto. Mwalimu, umewafundisha watu hawa la kusema, na hilo halikufai.

Sasa nisikilize kama mwanao. Nimezungumza faragha na baadhi ya wajumbe. Ukitia saini kwamba Sindano alifanya kazi hizo bila idhini yako, wewe ukiwa mgonjwa kitandani, jina lako halitaguswa. Picha yako itabaki ukutani pale chuoni, na utaagwa kama unavyostahili kuagwa. Yeye bado kijana. Akifutwa leo atatafuta kazi nyingine. Wewe huna muda wa kujisafisha.

Naomba jibu mapema. Baraza linakaa mwezi ujao.

Msajili


Nyumbani
25 Februari

Kwa Baraza la Madaktari wa Wanyama,

Mimi, daktari wa wanyama mstaafu na mwalimu wa upasuaji, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu, naungama kama ifuatavyo.

Upasuaji wote uliofanyika katika chumba changu cha mbele niliufanya mimi. Kila mshono ni wangu. Daktari kijana aitwaye Sindano alikuwa akija kunijulia hali, na kwa adabu yake akanichemshia vyombo. Chumba sikukisajili kwa sababu usajili unadai vyumba vinne, na nyumba yangu yote ina vitatu. Kipimo cha malipo sikukifuata kwa sababu nilikaa kwenye kamati iliyokitunga, na nakumbuka hakuna aliyeuliza bibi wa paka atalipa nini. Sikuuliza hata mimi. Majirani walishika wanyama kwa amri yangu. Sijuti, na nikipewa siku nyingine nitazitumia vivyo hivyo.

Hapo juu ni kwa ajili ya Baraza. Kuanzia hapa ni kwako, Rula.

Umeniambia nimuuze mtoto wa mtu ninunue picha ukutani. Ile picha hata sikuipenda, wamenifanya nionekane nimemeza kijiko. Sindano ana miaka mingi ya kufanya kazi hii mbele yake. Akifutwa, chumba kimekufa, na mtaa huu utarudi kule tulikotoka: mbwa mgonjwa anafungiwa jiwe na kutupwa mtoni, na mtoto mwenye mbwa anaambiwa anyamaze, ni mbwa tu.

Mimi mtanifanya nini? Mnifunge? Sitafika kwenye tarehe ya kesi. Maiti haulizwi sanda. Mtu anayekufa ana mali moja ambayo nyinyi hamna: hatishiki. Nimeamua kuitumia yote kabla haijaharibika.

Mwalimu wako


Ofisi ya Msajili
1 Machi

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mwandiko wako unayakataa maneno yako. Herufi zinapanda na kushuka. Mstari mmoja umekimbia mpaka nje ya karatasi. Mkono ulioandika hivi hauwezi kufunga fundo ndani ya tumbo la paka. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mkono ukianza kutetemeka, kisu kinawekwa chini siku hiyo hiyo, na hukuwa mtu wa kufundisha asilotenda.

Unaungama uongo, na unataka Baraza liupokee kwa mkono wangu.

Nitakuja mwenyewe Jumamosi. Sitatuma mtu. Nitasimama humo chumbani, nione kwa macho yangu mikono ni ya nani, na nitakachokiona ndicho nitakachoandika. Unanijua. Sijawahi kusema uongo katika kazi hii, sitaanza na wewe.

Msajili


Ofisi ya Msajili
9 Machi

Mwalimu,

Umenitega.

Nimekaa tangu jana nikijaribu kuandika taarifa ya ukaguzi, na kila nikianza naona nimekuwa mmoja wa majirani zako.

Nilipoingia hukuniambia hata karibu. Ulikuwa kwenye kiti chako upande mmoja wa meza, blanketi magotini, Sindano amesimama ng'ambo ya pili. Wote wawili mmevaa glavu. Mbwa wa fundi cherehani amelala mezani, ameshapigwa sindano ya usingizi, na fundi mwenyewe yuko barazani amekumbatia paka wa watu. Ukanitazama ukasema, "Kichwani hakuna mtu. Utaratibu unaujua, au umeusahau ofisini?"

Nikasema nimekuja kukagua.

Yule muuza mkaa wako mlangoni akasema, "Basi kagua macho, mzee."

Watu walicheka mpaka barazani. Nilikuwa na jibu la kuwapa. Lakini mbwa akavuta pumzi moja, kisha akakaa bila kuvuta nyingine. Hakuna aliyesogea. Nikaona kama hawa watu wote wataniachia mbwa afe mbele yangu, nikavuta kigoda nikakaa kichwani.

Baada ya hapo sijui chochote. Nilikuwa nahesabu. Niliona jicho linataka kupepesa, nikasema, "Anaamka huyu." Sauti iliyosema "ongeza dawa kidogo" ilikuwa yako, mkono ulioongeza ulikuwa nyuma ya kitambaa. Mahali fulani pumzi zilipungua na nikajikuta nampigia mbwa kelele kama ninavyowapigia wanangu waamke shule. Nilipoinua kichwa, mshono ulikuwa umeshafunikwa, na glavu zote nne zina damu. Sindano alikuwa anatazama dirishani. Wewe ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyekula cha wenyewe.

Tangu nipewe ofisi hii sijagusa mnyama. Nilikuwa sijui kwamba nimesahau.

Hilo si hoja. Hoja ni kwamba Baraza linakaa tarehe ishirini, na nitaulizwa. Nakuomba, kwa heshima niliyonayo kwako, uniambie neno moja la kweli: ilikuwa mikono ya nani?

Mwanafunzi wako


Nyumbani
12 Machi

Rula,

Nimeshaungama kwa maandishi na saini. Unataka niungame mara ngapi?

Wewe ukiulizwa, sema ulichoona. Usiniongezee wala usinipunguzie. Sikukuita uje kunisemea uongo. Mtu wa kunisemea uongo ninaye, ni mimi. Na usijidanganye kwamba ulitegwa. Kile kigoda kilikuwa wazi, mlango nao ulikuwa wazi. Ungeweza kutoka.

Mbwa anakula. Fundi cherehani anakusalimu, anasema kola ya shati lako imelika, ulete aigeuze.

Siku hizi hata sauti inanichosha. Natuma watu kwa nyusi.

Mwalimu wako


Ofisi ya Msajili
22 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Baraza lilikaa kuanzia asubuhi.

Mlalamikaji mkuu, mwenye ile kliniki ya ghorofa anakofanya kazi Sindano, aliwaleta wakaguzi wasome majibu ya mtaa wako. Yalisomwa yote. Ilipofika zamu yangu aliniuliza, "Ulikuwemo chumbani wakati upasuaji unafanyika?" Nikasema ndiyo. "Ulikuwa karibu na meza?" Nikasema nilikuwa nimeigusa. "Basi tuambie, nani alikuwa anapasua?"

Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa namtazama mbwa wa fundi cherehani machoni."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akaniuliza kama nalifanyia Baraza mzaha. Nikasema hapana, na kwamba mbwa yule ana macho ya rangi ya asali, la kushoto lina doa. Ndilo nililoliona. Nimetakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini mkaguzi alishiriki katika kazi aliyokwenda kuikagua. Nitajieleza.

Uamuzi ni huu. Ungamo lako limepokelewa. Jina lako limefutwa daftarini, na picha itashushwa. Nilisaini kwa mkono wangu, na sitakuomba radhi kwa hilo kwa kuwa ulilitaka. Kwa upande wa Sindano hakuna ushahidi. Anabaki daftarini kama alivyokuwa.

Lakini chumba kitafungwa. Ijumaa watakuja na kufuli na muhuri. Nilibisha, nikashindwa kwa kura. Baraza limekataza upasuaji katika jengo hilo, na katika jengo lolote lisilosajiliwa linalotumika kama kliniki. Nimezisoma upya kanuni zote, kutoka jalada hadi jalada. Zinahusu majengo ya kliniki, Mwalimu. Majengo ya kliniki.

Jitunze.

Mwanafunzi wako


Nyumbani
5 Aprili

Rula,

Anayeandika ni muuza mkaa, maana mkono wangu umegoma kabisa. Alama za vidole ni zake, maneno ni yangu. Akiongeza lake utalijua kwa ujinga wake. (Mama amesema niandike hivyohivyo. Nimeandika.)

Kwanza, kufutwa. Nimefurahi. Nimeagiza ile karatasi ya uamuzi ibandikwe pale ilipokuwa kalenda. Bibi wa paka amesomewa na kusema ina muhuri mzuri kuliko cheti cha ndoa yake.

Pili, kufuli. Lilikuja Ijumaa kama ulivyosema. Vijana walilitundika kwa aibu, mmoja akaniamkia mara mbili. Usiku ule sikulala, na nakwambia ukweli, nilidhani ndio mwisho. Nilikuwa nimempigania Sindano nikamshinda kila mtu, halafu nimempa leseni isiyo na mahali pa kusimama. Asubuhi watu walikuja na wanyama wao kama kawaida, wakakuta mlango una muhuri. Hakuna aliyerudi nyumbani. Walikaa tu barazani na vikapu vyao, wananitazama mimi.

Nikamwambia Sindano anisomee barua yako kwa sauti. Alipofika mwisho, pale pa majengo ya kliniki, nikamzuia. Nikasema, "Rudia hapo." Akarudia. Wewe hukuwa mwanafunzi wa kusema kitu mara mbili, Rula. Ulikuwa ukinikatia maksi mimi nikirudia. Nikamuuliza Sindano, "Huko kliniki yenu, matajiri wenye mageti huleta mbwa wao?" Akasema, "Hawaleti, Mwalimu. Mimi ndiye ninayetumwa kwao. Juzi nimemhasi paka juu ya meza ya kioo." "Kwa kibali gani?" Akanitazama, nikamwona macho yanamtoka.

Kanuni zenu zinaruhusu tiba nyumbani kwa mwenye mnyama. Daktari yeyote aliye daftarini, bila jengo, kwa malipo ya makubaliano. Kifungu mmekitunga kwa ajili ya watu wasiotaka manyoya ya mbwa kwenye viti vya gari. Hamkuandika nyumba iwe na ukubwa gani. Hamkuandika kama iwe na geti. Na sisi huku, masikini ya Mungu, kumbe tuna nyumba.

Basi siku ile ile walibeba meza. Muuza mkaa na mlinzi waliitoa kwa dirisha la nyuma, maana muhuri uko mlangoni na hatukuugusa, sisi ni watu wa sheria. Tangu hapo inazunguka nyumba hadi nyumba. Kitambaa kinatundikwa kwenye waya wa pazia wa mwenye nyumba. Sindano ameandika barua ya kuacha kazi kwa wenye ghorofa, na ameniambia baada ya kuipeleka, ili nisipate nafasi ya kumkataza.

Sasa ungamo la kweli, kwa kuwa uliniomba neno moja la kweli na nikakunyima. Mikono ilikuwa yake. Yangu ilivaa glavu na kuchovya damu kwenye beseni. Nililidanganya Baraza kwa saini yangu, nimeishi miaka yote hii bila kufanya hivyo, na ninakwenda nalo. Huko niendako nikiulizwa, nitajibu nilivyowajibu nyinyi: sijuti. Wakinifuta na huko, basi, nimeshazoea.

Wewe sikuachii deni. Ulitazama ulipotakiwa kutazama, ukasema ulichoona.

Waambie wajumbe wako kwamba kufuli lao ni zuri, halijapata hata kutu. Wakitaka kutufunga tena walete mengine, na waanzie nyumba ya kwanza mkono wa kushoto. Leo kuna paka wawili na jike moja la mbwa, maji yameshachemka, na mlango uko wazi.

Mwalimu wako